Sumu za kuvu na kiunzi cha seli: mwongozo kamili kwa anayeanza maabara Lubumbashi

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, kijana wa mwaka wa tatu alinijia na kichupa mkononi, uso umemshuka. "Shefu, DMSO imekufa. Imegeuka barafu." Nilikichukua kichupa, nikakifumbata kiganjani, tukazungumza mambo mengine, na baada ya dakika chache dawa ilikuwa maji tena. DMSO, kimiminika tunachoyeyushia dawa hizi, huganda ikishuka chini ya digrii 18.5, na usiku wa Lubumbashi wa mwezi wa sita na wa saba, kwenye mita 1200 hivi juu ya bahari, unafika huko bila taabu. Karatasi za maelekezo zinazokuja na dawa hazilisemi jambo hili, kwa sababu walioziandika wanafanya kazi katika vyumba vyenye joto lilelile mwaka mzima.

Mwongozo huu ni wa kijana wa namna hiyo. Ana hadubini ya kawaida, ana kuranti (umeme) ya kubahatisha, na anataka kuona kwa macho yake jinsi kitu kilichotengenezwa na ukungu kinavyoweza kusimamisha seli hai. Nitaeleza majaribio matatu: moja la kitunguu, moja la damu, na moja linalohitaji hadubini ya fluoresensi, ile inayoonyesha rangi zinazong'aa. Ukiwa na haraka unaweza kuruka la tatu, lakini sehemu inayofuata usiiruke. Wengi wanaoharibu majaribio haya wanayaharibu kabla hata ya kushika pipeti, kwa kuwa hawakuelewa dawa inashika wapi.

Mulongo wa bidoni

Seli yako, seli ya kitunguu na seli ya hamira ya mikate zote zina kiunzi ndani yake, na sehemu nyembamba kuliko zote ya kiunzi hicho ni nyuzi za aktini, zenye unene wa nanomita 7 hivi. Aktini ni protini. Chembe yake moja ina amino asidi 375 na uzito wa kilodaltoni 42. F. B. Straub aliitenga mwaka 1942 huko Szeged, Hungaria, katika maabara ya Albert Szent-Györgyi, walipokuwa wanatafuta siri ya msuli kujikunja. Baadaye ikaonekana kwamba hata seli zisizo za msuli zimejaa aktini.

Neno "kiunzi" linadanganya kidogo. Ukilisikia unafikiria mifupa, kitu kilichosimama palepale. Fikiria badala yake foraji, yaani kisima kirefu cha maji, ya mtaani, tuseme Katuba, siku ambayo bomba limekauka. Mulongo, yaani foleni, wa bidoni za njano umenyooka hadi barabarani. Ukiutazama saa mbili asubuhi, ukirudi kuutazama saa nne, urefu wake ni uleule, ila bidoni si zilezile: mkiani zinaingia tupu, kichwani zinatoka zilizojaa. Uzi wa aktini ndivyo unavyoishi. Chembe mpya, kila moja imebeba ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli), huingia zaidi kwenye ncha moja ambayo vitabu huiita ncha chanya. Zikishakaa ndani ya uzi, ATP huvunjwa, mshiko hulegea, na chembe zilizozeeka huchomoka upande wa pili, ncha hasi. Kipande cha uzi chenye urefu wa mikromita moja kina chembe 370 hivi, na zote ni wapita njia.

Mfano wa mulongo una kasoro moja, na ni vizuri uijue mapema. Foraji hakuna anayeruhusiwa kuingilia mbele (akijaribu, kina mama watamwonyesha). Kwenye aktini, kila ncha inaweza kupokea na kila ncha inaweza kupoteza. Kinachotofautisha ni kiasi cha chembe huru zilizopo. Ncha chanya inaweza kukua hata chembe huru zikiwa mikromola 0.1 hivi tu, lakini ncha hasi inahitaji karibu 0.6. Kiasi kikiwa katikati ya namba hizo mbili, upande mmoja unakua huku mwingine unapungua, na ndipo mulongo unapotembea.

Sasa jiulize: ungetaka kuvuruga mulongo huo, ungefanya nini? Unaweza kusimama mkiani na kuzuia wanaokuja. Unaweza kupitisha kamba kwenye mikono ya bidoni zote na kuzifunga pamoja, isitoke hata moja. Au unaweza kuwakamata watu njiani, kabla hawajafika foraji. Njia ya kwanza ni ya saitokalasini, ya pili ni ya faloidini, na zote mbili ni kazi ya kuvu. Njia ya tatu ni ya latrunkulini, ambayo asili yake ni sponji ya Bahari ya Shamu, si kuvu kabisa. Naitaja kwa sababu wanafunzi huichanganya humo humo. Jasplakinolidi nayo ni ya sponji.

Watu hushangaa kwamba dawa inayofunga nyuzi zisivunjike nayo ni sumu. Rudi kwenye foraji: mulongo uliofungwa kamba ni mrefu na umenyooka vizuri, lakini hakuna anayepeleka maji nyumbani.

Kuvu gani inatoa nini

Jina la saitokalasini limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya seli na kulegea. S. B. Carter, aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, ndiye aliyeyatangaza madhara yake kwa seli za mamalia mwaka 1967. Aliona mambo mawili yaliyowatikisa watu wa fani: seli ziligawanya kiini bila kujigawanya zenyewe, na dawa ikizidi, kiini kilisukumwa hadi nje ya seli.

Familia hii ni kubwa. Tutatumia ndugu wawili tu. Saitokalasini B ina uzito wa 479.6 kwa moli, na saitokalasini D ina 507.6. B ilipatikana kwenye ukungu wa jamii ya Helminthosporium. D hutolewa na Metarhizium anisopliae, kuvu inayoua wadudu na inayoishi udongoni. Kuvu hiyo inapomwingia mdudu, seli za kinga za mdudu zinatakiwa zijitandaze na kuizingira. Seli isiyo na aktini inayofanya kazi haiwezi kujitandaza. Ukitaka mfano wa kwenye mimea, Pyricularia grisea, ukungu wa nyasi ulio ndugu wa ule unaochoma majani ya mpunga, nao hutengeneza mwanafamilia aitwaye pirikalasini H.

Faloidini ina historia nyingine. Inatoka kwenye Amanita phalloides, uyoga wa Ulaya uliofika hadi Afrika Kusini pamoja na miti ya mialoni. Ilipatikana katika hali ya fuwele miaka ya 1930 huko Munich. Ni pete ya amino asidi saba yenye daraja katikati, uzito 789 hivi.

Hapa lazima nipumzike kidogo na suala la bowa, yaani uyoga. Masika yakianza, barabara ya Likasi inajaa mabeseni ya bowa, na mojawapo ya zile zinazopendwa ni tente, ambayo kwa wataalamu ni Amanita loosii. Ndiyo, ni jamii moja na muuaji wa Ulaya. Mwanafunzi akisikia hivyo huacha kula, au vibaya zaidi, huja na beseni maabarani akitaka tuchuje faloidini. Tente inaliwa tangu enzi za mababu, na jina la jamii halifanyi uyoga kuwa sumu. Pia, anayekufa kwa kula Amanita phalloides hauawi na faloidini, kwani hiyo haipiti vizuri kwenye utumbo. Anauawa na amanitini, ambayo haigusi aktini: inazuia kimeng'enya kinachonakili jeni, na ugonjwa huanza saa 6 au zaidi baada ya mlo, wakati mtu ameshasahau alichokula. Kupika hakuiharibu. Kwa hiyo hakuna kuchuja chochote kutoka kwenye uyoga wowote. Dawa hizi zinanunuliwa zikiwa safi, kwa miligramu.

Kabla ya kufungua kichupa

Saitokalasini ni sumu, na inaweza kudhuru mimba. Kwenye DMSO ni hatari zaidi, maana DMSO hupenya ngozi ikibeba kilichoyeyuka ndani yake. Vaa glavu, na ukidondosha tone juu ya glavu, badilisha glavu palepale badala ya kuifuta. Aliye mjamzito asiguse kazi hii. Mpe kazi ya kuhesabu slaidi. Maji yote yaliyobaki yaingie kwenye chupa moja yenye jina na tarehe, ikachomwe, wala yasimwagwe kwenye sinki.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, ila fanya kwa karatasi. Chukua kichupa cha miligramu 1 ya saitokalasini D. Gawanya kwa 507.6: unapata mikromoli 1.97. Ukitaka akiba (dawa nzito ya kuhifadhi, utakayoipunguza baadaye) ya milimola 5, ongeza mikrolita 394 za DMSO. Usichote unga kwa kijiko, yeyusha ndani ya kichupa chenyewe, kwa kuwa miligramu moja karibu huioni na nusu yake imeng'ang'ania kifuniko. Gonga kichupa mezani, au kizungushe kwenye sentrifuji kwa sekunde kadhaa, ndipo ufungue.

Kisha gawa akiba hiyo kwenye vichupa vidogo vya mikrolita 20 na ugandishe digrii -20. Kugawa ndiko kutakakokuokoa kuranti ikikatika. Friza ikipoteza baridi usiku kucha, ukiwa na chupa moja umeyeyusha kila kitu. Ukiwa na vichupa 20 vilivyofungwa pamoja katikati ya mifuko ya barafu, unaweza kuamka asubuhi na kuvikuta bado vimeganda. Hata DMSO yenyewe inakusaidia, kwani chumba cha mwezi wa saba kinaigandisha bila friza. Usidanganyike lakini: kuganda mezani si sawa na kuhifadhiwa.

Kutoka kwenye akiba ya milimola 5, mikrolita 2 ndani ya mililita 10 za maji ya kukuzia seli zinakupa mikromola 1, na DMSO ni asilimia 0.02 tu. Kipimo hicho kinatosha kwa seli nyingi za mamalia. Anzia 0.2, panda hadi 2. Kwa saitokalasini B utahitaji mara kumi ya hapo, karibu mikromola 10 hadi 20.

Kila jaribio liwe na pacha wake aliyepewa DMSO ya kiasi kilekile bila dawa. Wanaoniletea picha nzuri bila pacha huyo nawarudisha mlangoni. DMSO peke yake ikizidi inatosha kubadili sura ya seli, na bila pacha hutajua umeona kazi ya nani.

Jaribio la kitunguu

Hili ndilo napenda kuanza nalo, kwa sababu seli za kitunguu hazihitaji inkubeta wala gesi. Chukua kitunguu kibichi kigumu, si kile kilicholegea mwishoni mwa soko. Kata, chomoa gamba nene, na kwa upande wake wa ndani, ule uliojikunja kama bakuli, bandua utando mwembamba kwa kibano. Utando wa upande wa nje una nta na haupitishi dawa vizuri. Kata kipande cha nusu sentimita, kitumbukize kwenye maji, na ukiache kipumzike nusu saa. Kukibandua kumekijeruhi, na seli iliyojeruhiwa huacha kutembeza vitu kwa muda. Wengi hutazama mara moja, wanaona kimya, wanasema kitunguu kimekufa.

Weka kwenye slaidi, tazama kwa ukuzaji wa mara 400, na ufunge mlango wa mwanga chini ya meza ya hadubini hadi picha iwe na kivuli. Tafuta kiini, kisha fuata nyuzi nyembamba za ute zinazokatiza katikati ya seli. Utaona punje ndogo zinakimbia juu yake, nyingine zinakwenda, nyingine zinarudi, kama pikipiki za njia ya Kasumbalesa. Punje hizo hazielei ovyo. Zinavutwa na protini ya miosini inayotembea juu ya nyuzi za aktini. Mtembeo wa namna hii uliandikwa mara ya kwanza na Bonaventura Corti wa Italia mwaka 1774, kwenye mimea ya majini, zaidi ya karne moja na nusu kabla jina la aktini halijakuwepo.

Chagua seli tatu. Kwa kila moja, pima muda ambao punje inachukua kuvuka umbali fulani kwenye kipimo cha lenzi, punje 10 kwa seli. Andika. Sasa hamisha utando kwenye mikrolita 500 za maji zenye mikrolita 2 za akiba, yaani mikromola 20. Mmea unahitaji dawa nyingi kuliko seli ya mnyama. DMSO hapa imefika asilimia 0.4, hivyo pacha wake naye apewe 0.4.

Tazama kila dakika 10. Kwanza punje zinapunguza mwendo, kisha zinasimama na kutikisika palepale. Huko kutikisika si uhai wa aktini, ni msukosuko wa kawaida wa chembe ndani ya maji, na ukikuhesabu kama mwendo matokeo yako yote yanaharibika. Njia ya kutofautisha: punje inayovutwa ina mwelekeo, inayotikisika inarudi ilikotoka.

Sehemu tamu zaidi inakuja mwisho. Osha utando mara tatu kwa maji safi, uache saa moja au mbili, utazame tena. Punje zikianza kukimbia upya, umethibitisha kwamba dawa ilishika bila kuua. Zisipoanza, huwezi kusema lolote juu ya aktini, maana seli iliyokufa nayo huacha kutembeza punje.

Jaribio la damu, saa 72

Saitokalasini B imepata kazi ya kudumu katika jaribio ambalo Michael Fenech na Alec Morley walilitoa mwaka 1985 huko Australia, nalo ndilo ningependa kila maabara ya mji wa migodi ilijue, maana linaonyesha kama DNA ya mtu imeumizwa na alichokivuta au kukigusa kazini. Halihitaji fluoresensi. Linatumia Giemsa, rangi ileile inayotumika kutafuta malaria.

Mantiki yake ni nzuri sana. Seli inapogawanyika, kromosomu zinavutwa pande mbili na nyuzi za aina nyingine, mikrotubuli, ambazo saitokalasini haizigusi. Baada ya hapo, pete ya aktini hujikaza kiunoni mwa seli na kuikata. Ukiweka saitokalasini B, kazi ya kwanza inaendelea, ya pili inakwama. Unabaki na seli moja yenye viini viwili, na kwa alama hiyo unajua: hii imegawanyika mara moja tangu nilipoweka dawa. Kipande cha kromosomu kilichovunjika, ambacho hakikupata wa kukivuta, kinabaki pembeni kama kiini kidogo cha tatu. Unahesabu hivyo vidogo ndani ya seli zenye viini viwili tu.

Damu itolewe kwa ridhaa iliyoandikwa, na kila bomba lichukuliwe kana kwamba lina maambukizi. Seli nyeupe zimelala. Unaziamsha kwa fitohemaglutinini, protini ya maharage, ileile inayowaumiza tumbo wanaokula maharage mabichi. Zinakaa digrii 37. Saa ya 44 unaongeza saitokalasini B, na saa ya 72 unavuna. Kama umetenga seli nyeupe peke yake, tumia mikrogramu 4.5 kwa mililita; kama umetumia damu nzima, 6. Ukiyeyusha miligramu 5 ndani ya mililita 2.5 za DMSO una miligramu 2 kwa mililita, hivyo bomba la mililita 5 la damu nzima linataka mikrolita 15.

Panga saa vizuri. Ukianza Jumatatu saa saba mchana, saa ya 44 ni Jumatano saa tatu asubuhi, na saa ya 72 ni Alhamisi saa saba mchana. Hakuna anayelala maabarani. Kwenye bomba andika 13:00 na 09:00 kwa tarakimu, kwa sababu hapa kwetu mmoja anahesabu saa za Kiswahili na mwenzake za Kifaransa, na nimeshuhudia dawa ikiwekwa saa sita kabla ya wakati kwa ajili hiyo tu. Kuranti nayo ina neno lake: inkubeta ikizimika kwa saa moja mlango ukiwa umefungwa, na ndani mmeweka chupa kubwa za maji ya moto, seli hustahimili. Andika muda huo kwenye daftari bila aibu. Ukipita saa kadhaa, anza upya, maana seli zitakuwa zimechelewa kugawanyika na saa ya 44 haina maana tena.

Baada ya kuvuna, kuanika slaidi na kupaka Giemsa, hesabu angalau seli 1000 zenye viini viwili kwa kila mtu. Viini viwili vinavyofaa vinalingana ukubwa na vimo ndani ya ute mmoja wenye mpaka unaoonekana. Kiini kidogo kiwe na upana kati ya sehemu moja ya kumi na sita na theluthi moja ya kiini kikubwa, kisiungane nacho wala kuingiliana nacho, wala kisimetemete. Kinachometameta mara nyingi ni takataka ya rangi.

Kupaka faloidini

Kama unaweza kupata hadubini ya fluoresensi hata kwa siku moja, jitayarishe kwa ajili ya siku hiyo. Faloidini iliyofungwa rangi inayong'aa ilianza kutumika mwaka 1979, na hadi leo ndiyo njia ya kawaida ya kuona nyuzi za aktini. Inashika uzi tu, haishiki chembe huru, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Faloidini haiingii kwenye seli hai nyingi. Seli za ini ndizo zinazojulikana kwa kuivuta, kupitia milango yao ya kupokea asidi za nyongo, ndiyo maana wanyama waliochomwa sindano ya faloidini huharibika ini. Kwa seli nyingine, lazima kwanza uziue kwa utaratibu na kuzitoboa. Seli zilizoota juu ya kioo, upande mmoja zilizopewa saitokalasini D mikromola 1 kwa dakika 30 na upande wa pili DMSO tu, zioshe, kisha weka fomaldehaidi ya asilimia 4 kwa dakika 15. Osha mara tatu. Toboa kwa Triton X-100, sabuni ya maabara, ya asilimia 0.1 kwa dakika 5. Osha tena. Weka faloidini ya nanomola 165, ambayo unaipata kwa kupunguza akiba ya mikromola 6.6 mara 40, dakika 20 hadi 30, gizani. Osha, funika, tazama.

Kosa linalonichosha ni la kutumia methanoli badala ya fomaldehaidi. Kwa kingamwili nyingi methanoli inafaa. Kwa faloidini inaharibu umbo la uzi ambalo faloidini inalitafuta, na unapata kioo cheusi. Mtu analaumu hadubini, analaumu muuzaji, anaagiza faloidini nyingine. Anza na fomaldehaidi.

Pia usijaribu saitokalasini kwenye hamira. Faloidini inaipaka vizuri, utaona vidoa vya aktini vimejazana kwenye chipukizi na nyaya ndefu kwenye mama, lakini seli ya hamira ya kawaida haisumbuliwi na saitokalasini. Ukitaka kuvunja aktini yake tafuta latrunkulini.

Kusoma ulichokiona

Seli za DMSO zitakuwa na nyuzi ndefu zilizokazwa toka ukingo hadi ukingo. Seli za saitokalasini D zitakuwa zimenywea, zimebaki na mikono myembamba kama mti usio na majani, na nyuzi zimegeuka vidoa ving'avu. Hivyo vidoa ndivyo vinavyowachanganya watu. Mwanafunzi anaandika "aktini imeisha", wakati picha yake inang'aa. Dawa imefunga ncha chanya, haijafuta protini. Vipande vifupi vilivyobaki vimekusanyika, na faloidini inavishika vilevile. Andika ulichokiona: nyuzi ndefu zimepotea, vidoa vimeongezeka. Kumbuka pia kwamba kipimo kikiwa kikubwa, saitokalasini D inashika hata chembe huru, kwa hiyo maelezo ya mikromola 0.2 si lazima yawe maelezo ya mikromola 20.

Na kuna suala la sukari. Saitokalasini B, mbali na aktini, huziba milango inayoingiza glukosi kwenye seli. D haifanyi hivyo. Ukiona seli imedhoofika chini ya B, inaweza kuwa aktini, inaweza kuwa njaa. Rudia kwa D: kinachojirudia kwa wote wawili ni cha aktini, kinachoonekana kwa B peke yake kichunguze upande wa glukosi. Nimewahi kukaa na mtu wiki mbili tukitafuta maana ya matokeo ambayo jaribio moja la D lingeyaeleza mchana mmoja.

Kuosha ndiko kumalizia. Ondoa saitokalasini D, osha mara tatu kwa maji ya kukuzia yenye joto la 37, na upake faloidini baada ya dakika 15, 30 na 60. Nyuzi zitaanza kurudi na seli itajitandaza tena. Maji yasiwe ya baridi. Mwezi wa saba, chupa iliyolala mezani haina joto la kutosha, na seli iliyooshwa kwa maji hayo itajikunja kwa baridi, nawe utaandika kwamba dawa haikutoka.